Gereji ya Malindi iliyotumia barafu ya samaki kutafuta petroli inayovuja

Gari linaloishi Malindi mwaka mzima huficha maradhi yake. Huku kwetu hata Julai hakuna baridi ya kuisumbua injini, kwa hiyo mwenye gari huamini kwamba liko salama mpaka siku atakapolipandisha bara. Ndivyo yalivyonikuta mwaka jana mjini Nyahururu, mahali palipo zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, ambako asubuhi ya kwanza gari langu lilikataa kuwaka, na kila nilipozungusha ufunguo nilisikia harufu kali ya petroli ikipanda kutoka kwenye boneti. Fundi wa karibu alilishtua kwa betri ya gari jingine, akaniambia kuwa harufu hiyo ni ya kawaida wakati wa baridi, nami nikarudi Pwani na watoto watatu wakiwa wamelala kiti cha nyuma. Nikiikumbuka safari ile, hadi leo mwili hunisisimka.

Nilipofika nyumbani harufu haikurudi tena. Hata hivyo, mwaka huu kabla ya kusafiri nililipeleka gari kwenye gereji ndogo iliyo kando ya barabara ya Lamu, na ninayoyaeleza hapa ni kazi niliyoishuhudia kwa macho yangu.

Fundi mkuu, mzee mtulivu, hakukimbilia spana. Aliniuliza kwanza: "Mwanangu, harufu hiyo uliisikia kabla injini haijapata moto, au baada?" Nilipomjibu kwamba ilikuwa kabla, aliniomba niliache gari hapo usiku kucha. Alfajiri alimtuma kijana wake kwa wavuvi kununua barafu ya kuhifadhia samaki, wakaifunga kwa kitambaa na kuizungushia mpira unaopeleka petroli kwenye injini, wakaiacha kwa nusu saa. Gari lilikuwa uwanjani, mtungi wa kuzimia moto umewekwa karibu na tairi, na mtu aliyekuja na sigara aliombwa asimame ng'ambo ya barabara. Kisha mzee aligeuza ufunguo bila kuifikia stata, ili pampu ijaze petroli kwenye mipira. Niliinama kutazama. Chini ya klipu ya chuma palitokea tone, likanenepa polepole, likaning'inia, likaangukia kipande cha boksi kilichotandikwa chini. Mara likafuata la pili. Aliiondoa barafu, akaufuta mpira hadi ukakauka, akangoja upepo uumalize mvuke, ndipo akawasha injini. Ilipopata moto, hapakuvuja hata tone moja.

Kumbe mpira uliozeeka hukakamaa na kusinyaa ukipata baridi, klipu ikashindwa kuubana. Ukipashwa joto hulainika na kujiziba wenyewe. Wala baridi ya milimani si kinga, kwa sababu mvuke wa petroli huweza kushika moto hata katika nyuzi nyingi chini ya sifuri, na cheche moja ya waya uliochubuka yatosha. Mzee alinionya pia nisizungushe stata mfululizo gari linapokataa, kwani petroli isiyoungua huteremkia kwenye ekzosi na inaweza kuwakia huko.

Oili nayo ilikuwa ya 20W-50, nzito mno kwa asubuhi za bara. Aliichomoa dipstiki, yaani kijiti cha kupimia oili, akainusa kuona kama petroli imechanganyika na oili, ndipo akanibadilishia oili nyepesi zaidi ya 5W-30 iliyotajwa katika kitabu cha gari. Kunusa huko kuna maana yake: mwaka 2018 Honda ililazimika kushughulikia magari mapya ya CR-V nchini Uchina kwa sababu petroli ilikuwa ikijichanganya na oili katika mikoa ya baridi, hasa kwa safari fupi. Betri ilipimwa ikaonyesha volti 12.2, ilhali iliyojaa hufika kama 12.6, na terminali zake zilikuwa zimeota unga mweupe. Zilisafishwa kwa maji ya moto na magadi, zikapakwa grisi.

Kasoro zipo, nami sitazificha. Nafasi ni finyu, kwa hiyo magari hungojea barabarani juani. Na nililazimika kuomba mara mbili kabla ya kuandikiwa orodha ya spea zilizowekwa, jambo ambalo mteja hapaswi kulibembeleza. Mpira na klipu mpya, oili, chujio na ufundi vilinigharimu shilingi 9,800. Kuna gereji za bei nafuu zaidi mjini, lakini sijaona nyingine inayomrudishia mteja mpira wa zamani mkononi na kuukunja mbele yake ili auone ulivyopasuka.

Mwezi uliopita nilirudi Nyahururu. Asubuhi ya kwanza nilifungua boneti kabla ya kugusa ufunguo, nikanusa, nikatazama klipu kwa tochi. Palikuwa pakavu, na gari likawaka mara ya kwanza. Anayetaka kipimo hicho cha barafu alipeleke gari jioni, isiwe Alhamisi, kwa kuwa Ijumaa gereji hufungwa.