Chungu cha Umeme cha Kupikia Polepole: Nyama ya Ng'ombe na Mboga kwa Saa Nane

Ndugu watazamaji, karibuni. Mnachokiona hapa mezani ni chungu cha umeme cha kupikia polepole, chenye ujazo wa lita 6 na umbo la yai, na leo ninakichambua kwa kazi ile ambayo wengi hukinunulia: chakula cha jioni cha nyama ya ng'ombe na mboga. Nitoe hukumu mapema ili mwenye haraka asichoke kusubiri. Kwa kulainisha nyama ngumu, chombo hiki ni hodari kweli kweli. Kwa kutia rangi na ladha, hakisaidii chochote, na mtu atakayeamini maandishi ya kwenye boksi, kwamba anatumbukiza kila kitu asubuhi na jioni anakuta karamu, ataishia kula mchuzi wa kijivu usio na harufu. Mpishi ana kazi kabla ya kufunika na ana kazi baada ya kufunua. Katikati ndipo chungu kinapostahili sifa zake.

Tuanze na umbo lake. Kuna ganda la nje la chuma, bakuli zito la kauri linalokaa ndani yake, na mfuniko wa kioo. Nyaya za kupasha joto zimezunguka ubavuni mwa ganda, kwa hiyo joto huingia kupitia kuta za bakuli. Wazo hili si geni: Mmarekani Irving Naxon aliomba hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, ya chombo cha aina hii mwaka 1936 na akaipata mwaka 1940, kisha kampuni ya Rival iliyonunua biashara yake ndiyo iliyokitangaza kwa jina la Crock-Pot mwaka 1971. Naxon alisimulia kwamba mfano wake ulikuwa chakula cha Kiyahudi cha Sabato, ambacho huachwa kikiiva usiku kucha kwa joto hafifu. Miaka yote hiyo imepita na muundo haujabadilika sana, jambo ambalo kwangu ni sifa, kwa sababu hakuna kitu cha kuharibika.

Mbele kuna kitufe kimoja cha kuzungusha chenye alama tatu: moto mdogo, moto mkubwa, na kuhifadhi joto. Wengi hudhani moto mkubwa huchemsha na moto mdogo huacha chakula kwenye uvuguvugu tu. Sivyo. Katika vyungu vingi vya aina hii, alama zote mbili huishia karibu na kiwango kilekile, chini kidogo ya kuchemka, na tofauti kubwa ni muda unaotumika kufika huko. Ndiyo maana mapishi husema saa 8 kwa moto mdogo au saa 4 hadi 5 kwa moto mkubwa. Kwa nyama ya leo nimechagua moto mdogo, na sababu mtaiona tutakapofika kwenye kipimajoto.

Sasa nyama. Hapa ndipo chakula hiki huharibika au kufanikiwa, kwa hiyo nivumilieni nikikaa kidogo. Nina kilo 1.2 ya nyama ya bega. Nyama ya muundi, kidari, shavu au mkia ingefaa vilevile. Hizi zote hutoka kwenye misuli ambayo mnyama huitumia kutwa kucha, nayo imejaa tishu ngumu za kolajeni. Itazameni karibu: hii mistari myeupe inayong'aa kati ya nyuzi za nyama ndiyo ambayo muuzaji huwa anataka kuikata na kuitupa, na mimi humwomba aiache. Ikikaa muda mrefu kwenye joto na majimaji, kolajeni hugeuka kuwa jelatini, na jelatini ndiyo inayoupa mchuzi uzito ule wa kunata midomoni. Kipande cha fileti hakina utajiri huo. Ukikiweka humu kwa saa nane utakuwa umeitesa nyama laini mpaka ikawa kavu, na pesa yako imekwenda bure.

Ninaikata vipande vya sentimita 4 hadi 5, ninaikausha vizuri kwa karatasi ya jikoni, ninatia vijiko vidogo viwili vya chumvi, kisha ninaweka kikaango kwenye jiko la kawaida. Naam, kikaango. Najua kuna atakayeuliza faida ya chungu cha umeme ni nini ikiwa bado tunachafua kikaango. Jibu ni kwamba rangi ya kahawia na harufu ya nyama iliyokaangwa huzaliwa kwa kasi uso wa nyama unapopita takriban nyuzi 140 za sentigredi, na chungu hiki, chenye maji ndani yake, hakiwezi kuzidi nyuzi 100. Hakuna idadi ya saa itakayofidia hilo. Msinielewe vibaya, kukaanga hakufungii maji ndani ya nyama. Hiyo ni imani iliyoenezwa na mwanakemia Mjerumani Justus von Liebig katika karne ya 19, na bado inarudiwa majikoni ingawa imeshapimwa na kukanushwa. Tunakaanga kwa ajili ya ladha, basi. Panga vipande vichache kwa wakati mmoja, kwa maana kikaango kikijaa nyama hutoa maji na kujichemsha badala ya kukaangika. Mimi hukaanga pande mbili tu za kila kipande, kwani kukizungusha pande zote ni kazi nisiyoona faida yake.

Katika mafuta yaleyale ninakaanga vitunguu maji viwili, kisha vijiko viwili vikubwa vya nyanya ya kopo mpaka rangi yake igeuke kutoka nyekundu hadi kama ya matofali, halafu kitunguu saumu kwa nusu dakika. Ninamwagia supu mililita 300 na kukwangua masalio yote yaliyoganda chini. Hapo ndipo ilipo nusu ya ladha ya chakula chetu, na anayeosha kikaango kabla ya kukwangua anaimwaga kwenye sinki.

Mililita 300 zinaonekana chache, na kweli nyama haitazama yote. Usiongeze. Mfuniko huu hauachi mvuke kupotea kama sufuria ya kawaida, na nyama ikiiva huweza kupoteza robo ya uzito wake au zaidi kama majimaji, ambayo yote yatabaki humuhumu. Ukichukua pishi la sufuria na kulihamishia hapa bila kupunguza maji, utapata supu.

Mboga nazo zina utaratibu unaoshangaza wageni wa chombo hiki: karoti na viazi huchelewa kuiva kuliko mtu anavyotarajia, kwa sababu kinachozishikilia hulainika vizuri joto linapokaribia nyuzi 85 na kuendelea, na chungu hukawia kufika hapo. Kwa hiyo zikate vipande vya sentimita 2 hadi 3, uzipange chini na kandokando ambako ukuta una joto, kisha nyama ikae juu. Asidi ya nyanya huzichelewesha zaidi, ndiyo maana nimeridhika na vijiko viwili tu. Njegere na uyoga zisubiri mwisho. Maharagwe mekundu makavu, kama kuna anayetaka kuongeza, hayaingii humu mabichi kabisa: yana sumu ya asili ambayo joto la chini haliiondoi, na inabidi yalowekwe, maji yamwagwe, kisha yachemshwe kwa nguvu katika maji mapya kwa angalau dakika 10, ingawa mimi ningechemsha 30, kabla ya kuja kuungana na nyama.

Chungu sasa kimejaa kupita nusu kidogo, na hicho ndicho kipimo chake. Chini ya nusu, chakula huiva upesi na kuungua pembeni. Juu ya robo tatu, joto huchelewa kupenya hadi katikati. Nyama iliyoganda kwa barafu haifai kabisa, kwani itakaa kwa saa nyingi katika joto kati ya nyuzi 5 na 60, ambalo bakteria hulipenda.

Tumefunika. Baada ya muda angalieni ukingo wa mfuniko: mvuke unagonga kioo, unageuka matone, matone yanateremka na kujikusanya kwenye mfereji mwembamba kati ya kioo na kauri, yakitetemeka kidogo kila mvuke unapojaribu kupita. Maji hayo ndiyo muhuri wa chungu. Ukifunua ili kuchungulia umeuvunja, joto linatoroka, na chungu chenye nguvu ndogo kama hiki huhitaji dakika 15 hadi 30 kulirudisha. Mwenye tabia ya kukoroga koroga atajikuta anakula usiku wa manane.

Mimi ninafunua mara moja kwa ajili yenu, saa nne zikiwa zimepita. Kipimajoto ndani ya kipande cha nyama kinaonyesha nyuzi 78. Kwa usalama, nyama hii imeiva. Lakini uma unagoma kuingia, na ukionja utasema tumeharibu: ni ngumu na inahisi kavu. Nawaomba msikate tamaa hapa, wala msiongeze maji. Nyuzi za nyama zimeshakaza na kukamua maji yake, ilhali kolajeni imeanza tu kuyeyuka. Hiki ni kipindi kibaya cha lazima, na wanaozima chungu kwa sababu nyama imekuwa ngumu wanazima wakati ambapo ilipaswa kuachwa. Ndiyo sababu ninapenda moto mdogo: kipindi ambacho kolajeni inayeyuka huwa kirefu, na ukichelewa nusu saa kurudi nyumbani hakuna kinachoharibika.

Saa nane zimetimia. Kipimajoto kinasoma 93, na uma umeingia na kuzunguka bila kusukumwa. Tazameni ile mistari myeupe ya asubuhi: imekuwa utando laini unaong'aa, na kipande kinaachana chenyewe kwa kufuata nyuzi zake. Karoti zimeiva na bado zina umbo. Kwa upande huu sina lawama.

Mchuzi ndio wenye walakini. Ni mwepesi, na mafuta yanaelea juu. Maelekezo ya chungu yanasema ukoroge wanga wa mahindi na maji baridi, umimine ndani, ugeuze moto mkubwa. Inawezekana, ila utasubiri, kwani wanga huo unahitaji kukaribia kuchemka ndipo ushike. Njia yangu ni kuengua mafuta kwa kijiko, kuchota mchuzi na kuutia kwenye sufuria ndogo, kuuchemsha kwa nguvu dakika 10 mpaka upungue, kisha kuurudisha pamoja na njegere na kijiko kidogo cha siki. Siki hiyo msiidharau. Chakula kilichoiva kwa saa nyingi huwa na ladha nzito iliyolala, na uchachu kidogo huiamsha.

Umeme je? Chini ya chungu pameandikwa wati 240, maana yake kwa saa nane hakiwezi kupita kilowati-saa 1.92, wakati oveni nyingi za umeme huvuta wati 2,000 au zaidi kila zinapowaka. Hapo kinanifurahisha. Kisichonifurahisha ni kukosa kipima muda. Ukiondoka kwa saa kumi na moja, chungu hiki kitaendelea kupika saa zote kumi na moja, na viazi vitavurugika. Vyungu vya kidijitali hujigeuza vyenyewe kwenda kwenye kuhifadhi joto, ingawa vingi vyao vina udhaifu wa kubaki vimezimika umeme ukikatika na kurudi, ilhali hiki cha kitufe huendelea kilipoachia. Vyovyote iwavyo, umeme ukikatika nawe haupo na hujui ni kwa muda gani, chakula hicho kitupwe hata kama kinaonekana kimeiva.

Kwa mwenye chungu cha zamani au cha mkono wa pili kuna kipimo rahisi: jaza maji nusu, washa moto mdogo kwa saa nane bila kufunua, halafu pima mara tu unapoondoa mfuniko. Maji yawe na joto la angalau nyuzi 85. Yakiwa chini sana ya hapo, chungu hicho hakifai tena kupikia nyama.

Masalio yahamishie kwenye vyombo vifupi na uyaweke kwenye jokofu ndani ya saa mbili. Kesho yake uyapashe kwenye jiko la kawaida mpaka yachemke, kwa maana chungu hiki hupasha moto taratibu mno. Bakuli la kauri lisubiri lipoe kabla ya kuguswa na maji baridi, la sivyo litapasuka.

Swali ambalo najua litakuja ni la ukubwa. Lita 6 ni za watu watano au sita, au za anayependa kupikia siku mbili. Kwa watu wawili chukueni cha lita 3, kwa sababu kikubwa kikibaki robo kitawaunguzia mchuzi pembeni, na hilo si kosa la nyama wala la mpishi. Mkipata chenye kipima muda kwa ukubwa huohuo, chukueni hicho badala ya hiki.