Ndoa kwanza au kibali kwanza?

Mchumba kutoka Uganda aliyeingia Tanzania kupitia mpaka wa Mutukula, na muda uliogongwa kwenye muhuri wa pasipoti ukamwishia akiwa Mwanza, ana njia mbili. Akitanguliza ndoa, Sheria ya Ndoa ya 1971 inadai notisi ya siku 21, na cheti kikishatoka hakifuti kosa la kupitiliza muda, jambo ambalo washenga wengi hulisahau wakishughulikia mahari. Akitangulia Uhamiaji kushughulikia kibali cha kuishi nchini, harusi itachelewa na huenda akatakiwa kuondoka kwanza. Hata hivyo, naiona njia hii kuwa bora, hasa mchumba akiwa mwanamume, kwa kuwa Sheria ya Uraia ya 1995 humruhusu mke wa Mtanzania kuomba uraia kupitia ndoa, ilhali mume mgeni haimpi nafasi hiyo.