TV Chogo Inayopiga King'ora Ikiwa Imezimwa: Nimeiwasha Hapa Arusha

Wadau, karibuni, tupo Sakina hapa Arusha, na leo usiguse hiyo simu yako kwa sababu hiki kilichopo mezani, aisee! Ni TV. Tena chogo, inchi 27, tumeibeba watu wawili na bado tukapumzika njiani. Jina la kampuni nimeliziba kwa selotepu, sitoi matangazo ya bure mimi. Imetoka Marekani na mzigo wa mtumba, nimeikuta soko la Kilombero hapahapa mjini. HD hakuna, smati hakuna, HDMI usiniulize. Hayo tuyaache.

Nimeinunua kwa kitu kimoja tu. Tazama hapa chini kulia, mnaona vitaa vitatu? Humu ndani kuna redio ya pili, ndogo, haihusiani kabisa na chaneli unazoangalia. Kazi yake ni kusikiliza vituo vya NOAA, wale wa hali ya hewa wa serikali ya Marekani, kwenye masafa saba, kuanzia megahezi 162.400 mpaka 162.550. Na inasikiliza hata TV ikiwa imezimwa. Hapo ndipo iliponimaliza.

Ngoja niwaonyeshe. Nazima. Skrini nyeusi, saa tisa usiku, mtu anakoroma. Kituo kinatuma tahadhari. Hakianzi na maneno, kinaanza na milio ya krrr krrr kama ya faksi, mara tatu. Ndani ya hiyo milio mna aina ya hatari, muda wake, na namba ya eneo. TV inalinganisha ile namba na uliyoiweka wewe. Siyo yako? Inanyamaza, unaendelea kulala. Ni yako? Basi. Mimi kituo sina, natumia kitufe cha jaribio. Wenye hedifoni vueni.

Umesikia hiyo?! Sauti haikuwa imeongezwa, TV ilikuwa imezimwa kabisa! Mbwa wa jirani huyo ameanza. Na kitaa chekundu... subiri nifunge pazia, jua linaharibu. Hapo, kinaonekana sasa. Chekundu ni hatari yenyewe imefika au iko mlangoni, cha katikati kaa tayari, cha mwisho kuwa macho tu. TMA wetu, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, nao wana ngazi tatu: angalizo la njano, tahadhari ya rangi ya chungwa, tahadhari kubwa nyekundu. Ngazi tunazo. Kinachokosekana ni kitu cha kumwamsha mtu.

Halafu cheki hii. Nimeingia kwenye menyu nikakuta namba ya mwenye TV wa zamani bado imo: 017031. Hiyo ni Cook County, ndiyo yenye jiji la Chicago. Hakuifuta. Yaani hili chogo lipo Sakina, linasubiri tonado ya Chicago! Nimelizungusha masafa yote saba hapa Chuga, ni shshshsh mwanzo mwisho. Vituo vyao viko zaidi ya 1,000, lakini kimoja kinafika kama kilomita 60 na kitu tu. Huku hakuna.

Mtasema sasa umenunua ya nini. Tulieni. Tarehe 3 Desemba 2023, Katesh, tope la Mlima Hanang lilishuka alfajiri ya Jumapili. Alfajiri nani amewasha TV? Tangazo zuri la saa mbili usiku halimfikii mtu aliyelala. Ndiyo maana mtu akiniambia "si kuna mstari unapita chini ya skrini," namuuliza, unapita kwa nani?

Wajapani hili wameshalimaliza, mfumo wao wa kuamsha TV na redio upo tangu 1985, na sasa umo ndani ya mawimbi yao ya dijitali. Botswana walichagua mfumo huo wa Kijapani mwaka 2013. Sisi tuko kwenye mfumo mwingine wa TV ya dijitali, DVB-T2, na sebule nyingi zenye TV king'amuzi kinashinda kimechomekwa, kitaa chekundu kinawaka bure. Mimi ningeweka kengele humo. TV ibaki TV.

Maana TV hii, jamani, kuitumia ni kazi. Kwanza umeme. Yenyewe inataka volti 120, ukutani kwetu ni 230. Ukiichomeka kichwakichwa unakaanga. Lazima transfoma ya kushusha, nimetoa elfu sitini. Pili, mtambo wake wa kunasa chaneli ni wa Kimarekani, hapa haunasi kitu. Nimepitisha king'amuzi kwenye zile waya za njano, nyekundu na nyeupe, na ukisahau kubadilisha PAL, mfumo wa picha wa huku, kuwa NTSC, ule wa Kimarekani, kwenye king'amuzi, picha inapanda na kushuka na rangi hakuna.

Lakini kilichonikera hasa ni hiki. Umeme ukikatika, king'ora nacho kimekufa. Hakina betri! Na masika mnaijua, wingu likianza kufunga upande wa Meru, umeme unatangulia kuondoka kabla Themi haijajaa. Wamarekani haohao wanauza redio ndogo za kazi hiyohiyo, za betri, unaweka kichwani pa kitanda. Ile inalipiga hili chogo mbali. Aliyebuni hii TV alifikiria vizuri mpaka mlangoni, akasahau funguo.

Mtu wangu wa Rau, Moshi, uliyeomba video ya sola, inakuja wiki ijayo, nilikuwa nasubiri waya. Na Jumamosi hatuna laivu, nina harusi.

Bei: muuzaji alianzia laki tatu, tumevutana tukaishia laki mbili na ishirini. Anayeitaka namwachia kwa laki moja na nusu, transfoma nabaki nayo. Njoo na kirikuu, bodaboda wawili wameshaliona wakageuza.