Kanisa Kuu la Mkunazini, Unguja: ziara nzuri ukijua pa kuanzia

Tiketi moja ya Mkunazini, mtaa wa Mji Mkongwe, humfungulia mgeni mambo manne: maonyesho ya historia ya biashara ya watumwa, vyumba viwili vya chini vyenye giza, sanamu za kumbukumbu uani, na Kanisa Kuu la Kristo la Waanglikana, lililosimama palipokuwa soko la watumwa. Wageni wengi hupita mbio, wakapiga picha penye minyororo, wakatoka na hadithi fupi: Livingstone, mmisionari na mpelelezi Mskoti, alipaza sauti, soko likafungwa, kanisa likajengwa, utumwa ukaisha. Hadithi hiyo ina ukweli ndani yake, ila imeruka miaka mingi na imewaruka watu waliofanya kazi kubwa kuliko wote. Ziara hii inastahili saa mbili, na inastahili kufanywa kwa mpangilio.

Anza na maonyesho, usianze na vyumba. Vyumba vinashtua, na mtu aliyekwisha kushtuka hasomi tena. Maonyesho haya yalifunguliwa mwaka 2016 baada ya ukarabati mkubwa wa eneo lote, na yanadai usomaji wa taratibu. Ingia ukiwa na miaka michache kichwani, nayo itakupangia kila utakachokiona. Mwaka 1822 Sultani Said, mtawala wa Oman na Zanzibar, alikubali kuzuia watumwa wasiuzwe kwa nchi za Kikristo. Mwaka 1845 akakubali kuzuia wasisafirishwe nje ya milki yake ya Afrika. Juni 1873 Sultani Barghash, akitishiwa kuzingirwa na manowari za Waingereza, alitia saini mkataba wa kukomesha usafirishaji wa watumwa baharini na kufunga masoko ya hadhara. Soko la Mkunazini lilifungwa hapo, lakini kumiliki mtumwa kuliendelea kuwa halali. Hali ya utumwa ilikoma kutambuliwa kisheria mwaka 1897, na hata hapo mtumwa alitakiwa aende mwenyewe kuomba uhuru wake huku bwana wake akilipwa fidia. Masuria waliachwa nje ya amri hiyo hadi mwaka 1909.

Kwa hiyo, tangu jiwe la msingi la kanisa lilipowekwa siku ya Krismasi mwaka 1873 hadi suria wa mwisho alipopata haki ya kuondoka, ilipita miaka zaidi ya 35. Kengele ililia, ibada zikaendelea, na mitaa michache kutoka hapo watu walikuwa bado ni mali ya watu. Asiyelijua hili hataielewa nguvu ya mahubiri yaliyotolewa humo wala mipaka yake.

Kutoka kwenye maonyesho, shuka vyumbani. Viko chini ya jengo la Mtakatifu Monika, ambalo zamani lilikuwa hospitali ya misheni. Dari ni fupi, mtu mrefu atatembea ameinama. Kuna majukwaa ya mawe pembeni na njia iliyochimbwa katikati, na mwanga huingia kwa vitundu vyembamba. Joto ni kali na hewa ni nzito, kwa hiyo mwenye pumu, mwenye hofu ya sehemu zilizobana au mzee asiyeweza kuinama asione haya kubaki juu.

Hapa lazima lisemwe jambo moja waziwazi. Maelezo ya kawaida ni kwamba watumwa walifungiwa humu kusubiri mnada. Wanahistoria kadhaa wana shaka, na sababu yao ni nzito: jengo lililo juu ni la misheni na lilijengwa soko likiwa limekwisha kufungwa, na vyumba vya aina hii vingeweza kuwa ghala la hospitali. Shaka hiyo haipunguzi ukweli kwamba watu waliuzwa Mkunazini, kwani hilo limeandikwa na mashahidi wengi wa wakati ule. Inachobadilisha ni namna ya kuvitazama vyumba: vitazame kama mahali pa kukumbukia, na ushahidi uutafute kwingine. Ndiyo maana swali la kwanza la kumpima mwongozaji ni hili: “Jengo hili la juu lilijengwa lini?” Akikueleza shaka hiyo bila kukwepa, umepata mtu wa kuaminika na kila atakachosema baadaye kitakuwa na uzito. Akikutajia idadi kamili ya watu waliolala kwenye kila jukwaa bila kusema ameitoa wapi, msikilize kwa heshima na uendelee kuuliza.

Sanamu za uani ni za mwaka 1998, kazi ya msanii Clara Sörnäs kutoka Sweden. Watu watano wamesimama ndani ya shimo, wamevishwa pingu shingoni na kuunganishwa kwa mnyororo wa chuma. Kaa kwenye ukingo wa shimo, usiwaangalie kwa juu tu. Sura zao ziko chini ya usawa wa ardhi, na ukiinama kidogo ndipo unapoziona. Wanaopiga picha wakitabasamu hapo wanawakosea wafu na walio hai.

Sasa ndipo uingie kanisani, na usiharakishe. Kiwanja kilipatikana kwa sehemu kwa kununuliwa na kwa sehemu kama zawadi ya mfanyabiashara Mhindi, Jairam Senji. Ardhi ya kanisa hilo, basi, ilipitia mkono wa mtu asiye Mkristo, katika mji wa Kiislamu, chini ya Sultani Barghash, ambaye kwa masimulizi ya wenyeji alitoa saa ya mnara kwa sharti kwamba mnara usizidi kimo cha jumba lake la Beit al-Ajaib. Aliyesimamia ujenzi ni Askofu Edward Steere wa Misheni ya Vyuo Vikuu, ile UMCA iliyozaliwa kutokana na hotuba ya Livingstone huko Cambridge mwaka 1857. Misheni hiyo ilijaribu kwanza katika milima ya Shire, Malawi ya leo, mwaka 1861, ikamzika huko askofu wake wa kwanza, Charles Mackenzie, mwaka 1862, kisha ikahamia Unguja mwaka 1864 chini ya Askofu Tozer.

Ukiwa ndani, inua macho kwenye paa. Ni kuba refu lililofinyangwa kwa matumbawe yaliyopondwa na saruji, na wengi wakati ule waliamini litaanguka. Kisha tembea hadi penye altare. Sakafuni kuna duara la marumaru nyeupe lililozungushiwa nyekundu: hapo ndipo panapotajwa kuwa ulisimama mti wa kuchapia watumwa, na wekundu ni damu yao. Hapa uchaguzi wa wajenzi ni wa kiitikadi kabisa. Meza ya Bwana imewekwa mahali pa bakora ili kila ekaristi itangaze kwamba aliyechapwa ana thamani mbele ya Mungu sawa na aliyemchapa. Hoja hiyo ya maadili imejengwa kwa mawe, na ndiyo sehemu bora ya ziara nzima. Simama hapo dakika kadhaa bila kuongea.

Vingine kanisani vinahitaji muda mfupi zaidi. Msalaba mdogo wa mbao umechongwa kutokana na mti wa Chitambo, katika Zambia ya leo, ambapo Chuma, Susi na wenzao, watumishi wa Livingstone safarini, waliuzika moyo wake mwaka 1873. Dirisha moja la vioo vya rangi limewekwa kwa ajili yake, na mengine ni kumbukumbu ya mabaharia wa Kiingereza waliokufa katika doria za kuzuia majahazi ya watumwa. Steere, aliyefariki mwaka 1882, amezikwa nyuma ya altare. Nguzo zilizowekwa kichwa chini miguu juu wakati askofu hayupo kila mwongozaji atakuonyesha, na wageni wanazipenda, ingawa hazifundishi kitu.

Kasoro kubwa ya ziara za Mkunazini ni kwamba majina yanayobaki kichwani ni ya Wazungu na masultani. Swali la pili la kumpima mwongozaji ni hili basi: “John Swedi alikuwa nani?” Swedi alikuwa mmoja wa watoto watano waliokamatwa kwenye jahazi la watumwa, ambao Sultani Majid aliwakabidhi kwa Askofu Tozer mwaka 1864. Mwaka 1879 alipewa daraja la ushemasi. Baada yake akaja Cecil Majaliwa, Myao aliyeletwa Unguja kama mtumwa, akasomea Kiungani, shule ya misheni, akapelekwa kusini Chitangali mwaka 1886, na mwaka 1890 akawa padri wa kwanza Mwafrika wa misheni hiyo. Mwaka 1876 Steere alifunga safari na kundi la watu walioachwa huru kwenda kuwarudisha upande wa Ziwa Nyasa, wakaishia Masasi na kuanzisha kijiji kilichokuja kuwa kitovu cha Uanglikana wa kusini mwa Tanzania. Ukristo wa Masasi ulifika kwa miguu ya watu waliowahi kuuzwa, na walioufundisha kila siku, shuleni na vijijini, walikuwa hao.

Walioachwa huru walikuwa Wayao, Wanyasa, Wamakua na wengineo, waliokwisha kupoteza koo, wazee na mizimu yao. Misheni iliwapa ndugu wapya, jina jipya, kazi, mwenzi wa ndoa na mahali pa kuzikwa. Mwungwana wa Unguja mwenye ukoo, dini na madrasa hakuwa na haja hiyo, na ndiyo sababu mojawapo iliyofanya Waislamu wa mjini wasibatizwe kwa wingi licha ya kanisa kubwa katikati yao. Kule bara, mwalimu aliyetoka Kiungani akijua kusoma na kuandika alisikilizwa kwa namna nyingine.

Kusoma kwenyewe ni sehemu ya urithi huu. Steere alikichukua Kiunguja, akakiandika kwa herufi za Kirumi na kukichapa kwenye mtambo wa misheni uliohudumiwa na vijana walioachwa huru. Agano Jipya lake lilitoka mwaka 1883, na Biblia nzima ya Kiunguja mwaka 1891. Hakufanya peke yake: Sheikh Abdul Aziz, mwanachuoni wa Unguja, alijitolea kumfasiria Zaburi kutoka Kiarabu kwa Kiswahili safi. Mwanachuoni wa Kiislamu na askofu wa Kianglikana waliketi juu ya Zaburi moja, na Kiunguja hicho baadaye kikawa msingi wa Kiswahili sanifu. Jambo hili lingestahili kutajwa kwa sauti kubwa kuliko nguzo zilizopinduliwa.

Ukiwa na nusu siku zaidi, panda taksi uende Mbweni, kama kilomita 7 kusini mwa Mji Mkongwe. Misheni ilinunua shamba huko mwaka 1871 na kuwaweka watu walioachwa huru. Kanisa la Mtakatifu Yohana lipo, na pia magofu ya shule ya wasichana aliyoiongoza Caroline Thackeray kwa miaka mingi. Mbweni ndiko unakoiona hali ngumu ya uhuru ule. Watu walipata viwanja vya kulima na kazi ya ujira, lakini waliishi chini ya kanuni za misheni kuhusu ndoa, ibada na mwenendo. Kumwita mtu ndugu katika Kristo na wakati huohuo kumtawala kama mpangaji ni mgongano ambao wamisionari wengi hawakuumaliza. Baadhi yao walizidi kuusukuma mbele: Askofu Frank Weston wa Zanzibar mwaka 1920 aliipinga hadharani serikali ya nchi yake kwa kuwalazimisha Waafrika kufanya kazi katika Kenya ya wakoloni. Hoja iliyowekwa penye duara la marumaru ilikuwa imegeuzwa dhidi ya Waingereza wenyewe.

Kwa mwenye kupanga safari: Mkunazini ni mwendo mfupi kwa miguu kutoka soko la Darajani, na karibu kila mtu atakuelekeza ukiuliza kanisa la Mkunazini. Fika asubuhi mapema, kabla makundi ya watalii hayajajaza vyumba, kwa sababu kundi likiwa ndani husikii maelezo na hewa inaisha. Raia abebe kitambulisho na aulize bei ya raia kabla ya kulipa. Na mapatano na mwongozaji yafanywe mwanzoni: ada yake imo ndani ya tiketi au ni bakshishi tu? Hapo ndipo ugomvi mwingi huanzia. Vaa nguo ya kufunika mabega na magoti, kwa heshima ya kanisa na ya mji. Jumapili asubuhi kanisa ni la waumini, kwa hiyo ama uje kusali, ama usubiri ibada iishe. Watoto wadogo waonyeshwe uani na kanisani, vyumba viachwe mpaka wakue.

Mwalimu anayeleta wanafunzi wa sekondari agawe kazi kabla ya kuingia: kundi moja lifuate miaka ya mikataba, lingine Swedi na Majaliwa, la tatu lugha na uchapaji, kisha wakutane uani na kusimuliana. Mwanafunzi asiyepewa swali hukumbuka mnyororo tu.

Mwenye nia ya kulinganisha avuke bahari hadi Bagamoyo, ambako Mapadri wa Roho Mtakatifu walianza mwaka 1868 na kujenga kijiji cha uhuru kwa watumwa waliokombolewa. Mnara wa kanisa la zamani ndimo mwili wa Livingstone ulimolazwa Februari 1874 kabla ya kupelekwa Unguja na hatimaye London. Bagamoyo kuna utulivu na nafasi ya kutembea chini ya miembe. Mkunazini kuna uzito zaidi, na kama siku ni moja tu, nenda Mkunazini.