Kundi la kukosoana picha Kampala: uzoefu wangu

Kama unapiga picha kwa kupenda tu, kwa simu au kwa kamera ya kubadilisha lenzi, na umechoka kuambiwa "picha kali" bila kujua ukali wenyewe uko wapi, kundi la WhatsApp la kukosoana picha litakufaa. Letu liko Kampala, ingawa wenzetu wengine wanatuma kutoka Arua, Mbale na Busia, na Kiswahili ndicho kinachotukutanisha. Hakuna ada. Gharama ni bando la intaneti, na nauli ya takisi ukitaka kwenda kupiga pamoja Jumapili. Nimelitumia vya kutosha kusema wazi: katika mwanga linafundisha haraka kuliko darasa lolote ninalolijua. Katika kupangilia fremu linasaidia pia, ila hapo lazima ujue kuchuja.

Siri yake ni utaratibu. Kila mtu anatuma picha moja kwa wiki. Inatumwa kama dokumenti, kwa sababu ukiituma WhatsApp kwa njia ya kawaida inabanwa, inapoteza ukali, na taarifa zake za EXIF zinafutika. Hizo EXIF ndizo zinazoonyesha kasi ya shata (muda ambao kamera inafunguka), apacha (upana wa tundu la lenzi), ISO (wepesi wa sensa kupokea mwanga), urefu wa lenzi na fidia ya mwanga (kuiambia kamera iongeze au ipunguze kuliko ilivyopima). Bila hizo mkosoaji anabahatisha. Chini ya picha unaandika sentensi mbili: ulitaka mtazamaji aone nini kwanza, na nini hakikukaa sawa. Mkosoaji naye haruhusiwi kusema "nzuri" au "mbaya" akaishia hapo. Anataja sehemu ya fremu, anatoa sababu, kisha anasema ufanye nini ukirudi pale. "Kona ya juu kulia anga limeungua na jicho linakimbilia huko, sogea hatua mbili kushoto, paa la duka lilizibe." Maoni ya namna hiyo unarudi nayo soko la Owino kesho yake ukayajaribu.

Mwanga unachukua nusu ya mazungumzo, na ni haki yake. Kipimo cha kamera hakijui kama kinatazama kanzu au uso. Kinachukulia kwamba kila kilicho mbele yake ni kijivu cha wastani, kile kinachorudisha asilimia 18 ya mwanga, na kinapanga kila kitu kitoke hivyo. Sasa chukua kwanjula, sherehe ya Kiganda ya bibi harusi kumtambulisha mchumba kwao. Wanaume wamesimama mstari mmoja, kanzu nyeupe, nyuma yao hema jeupe. Kamera inaona weupe mwingi, inapunguza mwanga, kanzu zinatoka rangi ya majivu na nyuso zinazama gizani. Mpita njia atakuambia "ongeza mwanga" na kwenda zake. Kwenye kundi swali la kwanza ni: ulipima wapi?

Dawa yao ni hii. Weka kipimo cha doa, kile kinachosoma eneo dogo la katikati peke yake, ulenge shavu lililo upande wa mwanga. Ngozi nyeusi sana iko kama stopu 1 chini ya kijivu cha wastani, kwa hiyo weka fidia ya -1. Ngozi ya maji ya kunde iache kwenye sifuri au -0.3. Stopu moja ni mwanga kuongezeka maradufu au kupungua nusu, hivyo usichezee namba hizo kwa kukisia. Kisha elekeza doa kwenye kanzu. Ikisoma zaidi ya stopu 2 na nusu juu ya pale ulipoweka, kitambaa kitaungua, na tarizi ya kifuani itapotea ndani ya weupe mtupu. RAW, faili ghafi la kamera, inaweza kurudisha kidogo; JPEG, picha iliyokwisha kubanwa, hairudishi kitu. Hapo suluhisho ni kumhamishia mtu kivulini, mahali ambapo kanzu na uso vinapata mwanga mmoja laini, au kumrudishia mwanga usoni kwa karatasi kubwa ya manila nyeupe iliyoshikwa chini ya kifua, nje kidogo ya fremu.

Kwa simu kanuni ni ileile, ila vitufe ni vingine. Gusa uso kwenye kioo na ushikilie mpaka fokasi na mwanga vifungwe, halafu buruta alama ya jua chini taratibu hadi sehemu nyeupe zianze kuonyesha mikunjo. Wengi wanagusa tu na kuachia. Mtu akigeuka kidogo simu inapima upya na picha tatu za mfululizo zinatoka na mwanga wa aina tatu.

Jambo ambalo sikulikuta likielezwa vizuri kwingine ni mkondo wa rangi nyekundu. Kamera hurekodi rangi kwa mikondo mitatu, nyekundu, kijani na bluu, yaani RGB. Nchi hii ina udongo mwekundu, gomesi (vazi la heshima la wanawake) za hariri nyekundu na vumbi la murram, changarawe nyekundu ya barabarani, linalogeuza hata anga la jioni. Histogramu ni grafu ya mwanga wa picha, giza kushoto na weupe kulia. Ile ya kawaida, ya rangi moja, inaweza kuonyesha kwamba kila kitu kiko salama wakati mkondo mwekundu umeshagonga ukuta wa kulia. Matokeo yake ni gomesi iliyokuwa na mikunjo na mng'ao kutoka kama kipande cha plastiki. Fungua histogramu ya RGB kwenye menyu ya kamera, angalia mstari mwekundu peke yake, na ukigusa ukingo punguza mwanga kwa theluthi 2 za stopu. Kwenye kundi letu ukileta picha ya vazi jekundu bila histogramu ya RGB utaombwa uirudie, na nadhani wana haki.

Wanasisitiza histogramu kwa sababu nyingine pia: vioo vya simu vinadanganya. Mtu anatazama picha yako juani akiwa ameongeza mwangaza wa kioo hadi mwisho, mwingine kitandani usiku akiwa ameupunguza, na wote wawili wanakupa hukumu kuhusu giza la picha ileile. Maoni yoyote ya mwanga yasiyotaja histogramu au sehemu zinazopepesa kwenye kioo cha kamera kuonya kwamba zimeungua, mimi nayapita.

Saa nazo zina mjadala wake. Miongozo mingi imeandikwa na watu wa nchi za mbali na ikweta, ambako mwanga wa dhahabu wa jioni unakaa muda mrefu. Kampala iko chini ya nusu nyuzi kaskazini mwa ikweta, na jua linashuka karibu wima, nyuzi 15 kwa saa. Kutoka nyuzi 6 juu ya upeo hadi kuzama ni kama dakika 25 tu. Machweo yako kati ya saa 12 na nusu na saa 1 na dakika chache jioni mwaka mzima, kwa hiyo ukifika Ggaba, kando ya ziwa, saa 12 na nusu huku bado unatafuta mahali pa kusimama, umeshachelewa. Mchana jua linafika juu kabisa kati ya saa 6 na nusu na saa 7, na Machi na Septemba linakuwa karibu utosini: macho yanageuka mashimo meusi. Saa hizo mweke mtu wako ukingoni mwa veranda, uso ukitazama nje. Kama uwanja ni wa udongo mwekundu, utaona kidevu kinapata wekundu kutoka chini. Tandika shuka nyeupe mbele ya miguu yake na wekundu unaondoka.

Kuhusu picha zisizo kali, kundi limenifaa kwa kutenganisha magonjwa matatu ambayo watu huyaita jina moja. Kama kila kitu kwenye fremu kimevutika upande mmoja, mkono ulitikisika: kasi ya shata isishuke chini ya 1 kugawa kwa urefu wa lenzi, na kwa kamera za sensa ndogo zidisha kwanza kwa 1.5, yaani lenzi ya milimita 200 inataka 1/300 ya sekunde au kasi zaidi. Kama ukuta ni mkali ila mtu amevutika, ni yeye aliyesogea: 1/250 kwa anayetembea, 1/1000 kwa ndege anayeruka kule kinamasi cha Mabamba, ambako hata mtumbwi wenyewe hautulii. Na kama mtu hana ukali lakini majani nyuma yake yana ukali, fokasi ilikosea, na kuongeza kasi hakutasaidia lolote. Tumia nukta moja ya fokasi uiweke kwenye jicho lililo karibu nawe. Kwa wanaokwenda msitu wa Bwindi kuwaona gorila ushauri wao ni mfupi: flashi hairuhusiwi, gorila akijaza fremu weka -0.7 hadi -1 kwa sababu kamera itamfanya mweusi awe kijivu, na fidia hiyohiyo itakupa kasi ya ziada. ISO 3200 isikuogopeshe.

Upande wa kupangilia, nitoe mfano mmoja ili uone ukosoaji mzuri unavyofanya kazi. Picha ni ya muuza rolex, chapati iliyokunjwa na mayai, kando ya barabara. Mkono unageuza chapati juu ya kikaango, yai bado linatoa povu pembeni, sigiri iko chini, na juu kuna mwavuli mkubwa wa njano. Mpigaji aliandika kwamba alitaka tuone mkono. Maoni ya kwanza: chupa ya mafuta ukingoni kushoto imekatwa katikati na ina mng'ao kuliko mkono, iingie yote au itoke yote. La pili: mpini wa kikaango unaelekea nje ya fremu na kulivuta jicho litoke nao, zunguka upande wa pili ili mpini uingie kutoka konani kuelekea mkononi. La tatu: mvuke hauonekani kwa sababu nyuma yake kuna ukuta mweupe, mvuke unataka mwanga wa nyuma na kitu cheusi nyuma yake, basi shusha kamera hadi usawa wa kikaango, ndani ya kibanda kuwe ndiko nyuma. La nne ndilo lililonifurahisha: ngozi ya muuzaji imekuwa ya njano kwa sababu ya mwavuli, na kamera ikiachiwa ichague mizani ya rangi (mpangilio unaofanya nyeupe itoke nyeupe) yenyewe haitaiondoa yote. Weka karatasi nyeupe pale pale chini ya mwavuli, pima mizani ya rangi kwayo, ndipo upige. Hayo yote yanafanyika ndani ya dakika mbili ukiwa umenunua rolex yako.

Si kila ukosoaji unafikia hapo. Udhaifu mkubwa wa kundi ni kanuni ya theluthi, ile ya kugawa fremu mara tatu kila upande na kuweka kitu muhimu kwenye mistari. Kuna ndugu ambao kila picha wanaichorea mistari minne na kukuambia usogeze kichwa hadi mistari inapokutana, hata kama picha ni ya mtoto wa shule anayekutazama moja kwa moja katikati ya mlango wa bluu, na ulinganifu ndio uhai wake. Hao wasikilize kwa adabu, usiwafuate. Maswali yenye faida zaidi ni mengine: kuna nini kwenye kingo nne? Kuna nguzo ya umeme inayoota kichwani? Ukiipunguza picha hadi ukubwa wa stempu, bado unatambua inahusu nini? Upeo wa Ziwa Viktoria umelala sawa? Hata nyuzi 1 ya mshazari inaonekana kwenye maji. Na kwa picha za uso kwa simu: rudi nyuma hadi mita 2, tumia kukuza kwa 2x kama simu ina lenzi ya pili, la sivyo pua inavimba na masikio yanapotea.

Maoni yakipingana usikate tamaa. Mmoja akisema "kata upande wa kulia", mwingine "fifisha ule ukuta", wa tatu "mtu hatokezi", mara nyingi wote watatu wanaonyesha tatizo moja kwa dawa tofauti. Amini mahali wanapoelekeza, dawa chagua mwenyewe.

Kasoro nyingine ni za kibinadamu. Watu wawili watatu wanajibu sana na wapya wanaogopa. Ukiingia, anza kwa kukosoa picha ya mwingine, utazoeleka. Kuna waliokuwa wakichukua picha ya mtu, kuihariri na kuirudisha bila kuombwa, na sasa ni marufuku, nami naiunga mkono kwa moyo wote. Pia picha ya mtoto haipandishwi bila ruhusa ya mzazi, wala ya mgonjwa, hata mwanga ukiwa mzuri namna gani. Muuzaji sokoni anaombwa kwanza na anaonyeshwa picha baada ya kupigwa.

Mwisho wa mwezi tunachapisha chache na kuzitazama mkononi, na hapa ndipo wengi wanashangaa: karatasi hutoka na giza kuliko simu, kwa kuwa kioo kinatoa mwanga wake na karatasi inategemea wa chumbani. Kabla ya kulipia saizi kubwa, andaa picha moja katika viwango vitatu, kama ilivyo, +0.3 na +0.7, vyote kwenye karatasi moja ndogo. Ipeleke studio, waambie wazime marekebisho ya moja kwa moja ya mashine, kisha itazame nje mlangoni, kivulini, ndipo uchague.