Ushauri wa Bure Katika Kliniki ya Urembo Kisumu: Tulichoambiwa na Tulichonyimwa

Tangazo la kliniki hii limekuwa likijitokeza kwenye simu za wasichana wengi wa Kisumu tangu sikukuu zilizopita. Mwanamke ameipa kamera mgongo, kiuno chembamba, nyonga zimejaa, na chini yake pana maandishi yanayomwahidi mtazamaji mwili anaoustahili, pamoja na ushauri wa bure kwa atakayefika kabla ya mwisho wa mwezi. Binti wa kaka yangu, msichana wa miaka ishirini na mitatu mwenye afya njema kabisa, aliniomba nimsindikize. Jina la kliniki siliandiki, kwa kuwa ninachotaka kukipima ni huduma yenyewe na jinsi inavyouzwa, na kwa kuwa yapo mambo ambayo kila mwanamke anafaa kuyadai kabla hajavua nguo mbele ya mtu asiyemjua.

Yapo yanayostahili sifa. Mahali ni safi, hatukusubiri, chumba cha kubadilishia nguo kina faragha, na wahudumu wana lugha nzuri. Mhudumu wa ngozi ndiye aliyenifurahisha zaidi. Alizitazama alama za chunusi mashavuni mwa binti yetu, akamwambia kwamba zitafifia zenyewe taratibu iwapo atajikinga na jua na kuacha kuzitumbua, na kwamba hakuna haja ya kulipia matibabu ya miali ya leza. Mtu anayeacha pesa zipite mlangoni ili aseme kweli anaheshimika, na lau ziara yetu ingeishia kwake, ningeisifu kliniki hii bila kusita.

Upande wa upasuaji ni habari nyingine, na habari hiyo huanzia ukumbini. Runinga kubwa ukutani ilirudia bila kukoma video za wanawake kabla na baada ya kufanyiwa upasuaji. Nilizitazama kwa makini: katika picha za kwanza mwanga ni hafifu, mabega yameinama na tumbo limeachiliwa; katika za pili mwanga umebadilika, mgongo umenyooshwa na nguo ni nyingine. Nchini Ufaransa, tangu Oktoba 2017, picha ya biashara ya mwanamitindo ambaye umbo lake limepunguzwa au kunenepeshwa kwa kompyuta ni lazima iandikwe kwamba imerekebishwa, na Norway imeweka sharti linalofanana na hilo tangu Julai 2022. Katika ukumbi ule hapakuwa na neno lolote la kumtahadharisha msichana kuhusu alichokuwa akikitazama.

Naomba nikae kidogo kwenye jambo hili la picha, kwa sababu ndilo lililotufikisha pale. Mtafiti Anne Becker wa Chuo Kikuu cha Harvard alikwenda Nadroga, nchini Fiji, mwaka 1995, runinga ilipokuwa imeingia huko kwa mara ya kwanza, akarudi mwaka 1998. Kati ya wasichana wa shule aliowahoji, waliojitapisha ili wapunguze uzito waliongezeka kutoka asilimia 0 hadi asilimia 11.3, katika jamii iliyokuwa imeuthamini mwili mnene kwa vizazi vingi. Huku kwetu Nyanza na Magharibi tunaielewa habari hiyo bila kufafanuliwa, maana tulilelewa na mama zetu na nyanya zetu ambao kumwambia msichana amenenepa kulikuwa kumsifu kwamba ametunzwa. Mwaka 2021 gazeti la Wall Street Journal lilichapisha nyaraka za ndani za kampuni ya Facebook, inayomiliki Instagram, zilizoonyesha kwamba asilimia 32 ya wasichana wa rika la ujana walisema kuwa wakati walipojisikia vibaya kuhusu miili yao, Instagram iliwazidishia hali hiyo. Kampuni ilikuwa na habari hiyo mkononi.

Tena, umbo linalouzwa sasa ni tofauti na lile la zamani. Msichana aliyeambiwa awe mwembamba angeweza angalau kujidanganya kwamba njaa ingemfikisha huko. Huyu wa leo anaambiwa awe mwembamba kiunoni na mnene nyongani kwa wakati mmoja, jambo ambalo kwa wengi halipatikani kwa chakula wala kwa mazoezi. Njia iliyobaki ni kisu, na mwenye kisu ndiye anayelipia tangazo.

Ushauri wenyewe ulitolewa na bibi mmoja aliyevaa koti jeupe. Tulipomuuliza, alisema kwamba yeye ni mshauri wa urembo, si daktari. Hata hivyo hakuwa amelisema hilo mpaka alipoulizwa, na binti yetu alikuwa ameshabaki na nguo za ndani. Alimpiga picha kutoka pande zote, akaziingiza kwenye kompyuta na kuanza kuzichorea mistari. Msichana alikuwa amekuja kuuliza kuhusu tumbo tu. Dakika chache baadaye alikuwa ameonyeshwa kwamba mikono yake ya juu imelegea, kwamba nyonga zake zina mbonyeo ubavuni, na kwamba kidevu chake kingependeza zaidi kama kingepunguzwa mafuta. Aligeuka akaniuliza kwa sauti ya chini, "Shangazi, kumbe hata mikono?" Huyu ni mtu aliyekuwa ameishi na mikono ile tangu kuzaliwa bila kuilalamikia. Kwa hiyo kwangu neno "ushauri" halifai kabisa hapo, kwa kuwa mshauri husikiliza kwanza, ilhali huyu alikuwa akiongeza orodha ya mauzo.

Hatari hazikutajwa hadi nilipozitaja mimi, na jibu lilikuwa kwamba teknolojia ya siku hizi ni salama. Hilo halitoshi. Kunyonya mafuta ya mwili kwa mrija si tiba ya unene, na kukizidi kiasi huhatarisha uhai: Chama cha Madaktari wa Upasuaji wa Plastiki cha Marekani hukihesabu kiwango kinachozidi lita 5 kuwa kikubwa, kinachohitaji mgonjwa aangaliwe usiku kucha katika kituo kilichoidhinishwa. Mafuta yanayohamishiwa makalioni hayabaki yote, kwani sehemu yake hufyonzwa na mwili. Lililo baya zaidi ni kwamba sindano inayoyaingiza ikipenya hadi ndani ya msuli na kujeruhi mishipa mikubwa ya vena, mafuta yanaweza kusafiri hadi moyoni na mapafuni na kuua mara moja. Mwaka 2018 jopo la vyama vya madaktari hao lilionya kwamba vifo vinavyotokana na upasuaji huo vinaweza kufikia 1 kwa kila watu 3,000, likawataka madaktari wasiingize mafuta ndani ya msuli kamwe. Na hatuhitaji kwenda mbali: mwezi Oktoba 2024 mwanamke mmoja alifariki Nairobi siku chache baada ya kunyonywa mafuta, na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno likakifunga kituo alikohudumiwa.

Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inampa kila mgonjwa nchini Kenya haki ya kuelezwa manufaa, hatari, gharama na njia mbadala za matibabu, pamoja na haki ya kukataa. Katika hayo yote, sisi tulielezwa manufaa na gharama. Bei iliyotajwa ilizidi laki nne, ikiwa na punguzo ambalo lingekwisha Ijumaa, na tulitakiwa kulipa amana isiyorudishwa kabla ya kumwona daktari atakayepasua, ambaye tuliambiwa hutoka Nairobi kukiwa na wateja wa kutosha. Nilipoomba jina lake na nambari yake ya usajili, nikaahidiwa kutumiwa baadaye. Rejista ya madaktari na vituo vyenye leseni inapatikana kwenye tovuti ya Baraza, mtu yeyote anaweza kuisoma kwa simu, na leseni hutolewa upya kila mwaka. Kwa hiyo kliniki inayosita kutoa jina inasita kufanya jambo rahisi kuliko yote.

Sina ugomvi na upasuaji wa plastiki. Ulikuzwa na madaktari kama Harold Gillies, aliyewarudishia nyuso askari walioharibiwa na Vita Kuu ya Kwanza, na hadi leo ndio unaomsaidia mtoto aliyeungua kwa maji moto, mtoto aliyezaliwa na mdomo uliopasuka, na mama aliyeondolewa titi kwa sababu ya saratani. Wala simhukumu mwanamke mzima aliyefikiri, akaelezwa yote, akachagua. Ninachokipinga ni kumwingiza msichana mwenye afya katika chumba chenye kompyuta, kumwonyesha kasoro asizokuwa nazo, kisha kumpa hadi Ijumaa aamue.

Hatukulipa. Kwa ngozi, ningemrudisha binti yetu kwa mhudumu yule hata kesho. Kwa upasuaji, nisingeitafakari kliniki hii mpaka daktari mwenyewe akutane na mteja kabla ya senti yoyote kutolewa, hatari ziandikwe kwenye karatasi ambayo mtu anaweza kwenda nayo nyumbani, na punguzo lenye tarehe ya mwisho liondolewe kabisa.

Limebaki jambo la picha zake, ambazo bado ziko kwenye kompyuta ile. Hakutia saini karatasi yoyote ya kuziruhusu zihifadhiwe, na chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 taarifa za afya ya mtu ni taarifa nyeti. Tumeiandikia kliniki barua pepe tukitaka zifutwe na tupewe uthibitisho kwa maandishi; wasipojibu, malalamiko yetu kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data yako tayari, na yeyote aliyepigwa picha huko kwa namna hiyo anaweza kufanya vivyo hivyo.