Lenzi ya kumnasa chozi akiwa hewani: nunua ipi kwanza?

Ndege mvumaji, yule anayeelea mbele ya ua akinywa nekta, yuko mabara ya Amerika tu. Wetu ni chozi, kindege kinachofyonza maua, naye mara nyingi hutua ndipo anywe. Kuelea mbele ya ua ni sekunde moja, mbili, basi. Hiyo ndiyo tunayoitaka, na shata (kasi ya kamera kufunguka na kufunga) ikishuka chini ya 1/3200 ya sekunde mbawa zinatoka moshi mtupu.

Watu huuliza lenzi inavuta mbali kiasi gani. Kwa chozi, uliza inafokasi kuanzia karibu kiasi gani. Ndege mwenyewe ni mdogo kuliko kiganja, na ukitulia kando ya mshubiri uliochanua, atakusogelea mpaka mita mbili.

Namba moja kwangu ni Canon EF 100-400mm toleo la pili, la mwaka 2014. Inafokasi kuanzia sentimita 98, na kwenye 400, ikivuta mwisho, inafungua f/5.6 (namba ya f ikiwa ndogo, mwanga mwingi unaingia): jua la saa nne asubuhi, unapata 1/3200 kwa ISO 400 (ISO ni wepesi wa kamera kunasa mwanga), na ule mng'ao wa kifuani unatoka kama ulivyo. Mpya ni ghali, chukua iliyotumika. Ila usitoe hela kabla hujamulika tochi ya simu kupitia kioo cha nyuma. Nilinunua lenzi Dar bila kumulika. Nyumbani nikakuta vinyuzi vyeupe kama utando wa buibui. Ni kuvu, na kwa unyevu wa pwani inazidi kutambaa.

Namba mbili, kwa wenye kamera za Canon R, ni RF 100-400mm: gramu 635, inafokasi kuanzia sentimita 88, bei nafuu zaidi. Kwenye 400 ni f/8, kwa hiyo kivulini itakutesa. Mwenye Nikon atafute 300mm f/4 PF. Ni nyepesi na inafokasi kuanzia mita 1.4.

Sigma na Tamron za 150-600mm nazipa namba tatu. Kwa tai ni nzuri mno, lakini kilo mbili mkononi kumfuata chozi ni kazi.

Ya mwisho ni Canon EF 400mm f/5.6. Picha zake ni kali kweli, lakini inafokasi kuanzia mita 3.5.

Hela ikibaki, ongeza fleshi. Iweke 1/32 ya nguvu yake, kivulini, karibu na ua: hapo shata ishuke mpaka 1/200 hivi, mwako unakuwa mfupi kuliko shata yenyewe, na hata ncha ya bawa inaganda.